Sadaka bora huchaguliwa zizini, si mlangoni pa hekalu

Makuhani wa siku za nabii Malaki hawakuwa wameacha ibada. Hekalu lilijengwa upya na kukamilika mwaka 515 KK, moto uliwaka, zamu zilifuatwa, wanyama walichinjwa. Ndiyo maana walipoambiwa kwamba wamelidharau jina la Mungu waliuliza kwa mshangao: tumelidharau kwa jambo gani? Jibu lilikuwa zizini. Madhabahuni walikuwa wanapelekwa wanyama vipofu, viguru na wagonjwa. Nabii akawapa mtihani usiohitaji elimu ya dini: "Haya! Mtolee liwali wako. Je, atakuwa radhi nawe?" Nchi ilikuwa chini ya Waajemi, na liwali alikuwa mtu wa kodi na amri. Nani angethubutu kumpelekea mbuzi chongo? Kila mfugaji alijua fika mnyama wa heshima anafananaje. Alikuwa amemwekea mtu mwingine.

Maneno haya huhubiriwa sana, na mara nyingi mahubiri huishia kwenye ukubwa: toa zaidi, toa kinachouma. Naona hapo tunaruka jambo la msingi. Ukizisoma sheria za dhabihu kwa utulivu, sharti moja baada ya jingine, utakuta zinahangaika kidogo sana na wingi. Zinataka kujua mnyama alichaguliwa lini, na mwenye kuchagua alikuwa na wanyama gani wengine siku hiyo. Bora, kwa mujibu wa sheria hizi, ni kile kilichotengwa kabla mtu hajajipakulia mwenyewe.

Chukua sharti la kutokuwa na ila. Walawi 22 inawataja waliokataliwa mmoja mmoja: kipofu, aliyevunjika, aliyekatika kiungo, mwenye vidonda, mwenye upele, mwenye kikoko, aliyepondwa mapumbu. Ndama, mwana-kondoo au mwana-mbuzi anakaa na mama yake siku 7. Kuanzia siku ya 8 anakubalika. Mama na mtoto hawachinjwi siku moja. Sasa fanya hesabu ya mfugaji. Dume la mwaka mmoja lisilo na ila ndilo ambalo angelibakiza liwe la mbegu. Ndani yake kuna kundi la miaka ijayo. Kondoo kiguru hawezi kuwafuata wenzake malishoni, kwa hiyo kisu kinamngoja wiki hii au ijayo. Ukimtoa huyo umetoa kitu ambacho ulikwisha kukipoteza. Malaki anamweleza mtu wa namna hiyo kwa usahihi mkali: katika kundi lake ana dume, ameweka nadhiri, kisha anamtolea Bwana mwenye kilema. Kosa lote limejificha ndani ya neno "ana". Asiye na dume hakulaaniwa.

Sheria yenyewe ilijua kwamba kasoro zina viwango. Ng'ombe au kondoo mwenye kiungo kilichozidi au kilichopungua aliweza kutolewa kama sadaka ya hiari, lakini kwa nadhiri hakukubaliwa. Mtu aliyejifunga kwa kinywa chake alipandishiwa kipimo, maana hakulazimishwa na yeyote kuahidi.

Sadaka ya kuteketezwa, kama Walawi 1 inavyoieleza, ilikuwa kazi ya mikono. Mtoaji analeta mnyama mlangoni pa hema ya kukutania, mahali pa ibada kabla hekalu halijajengwa, na kuweka mkono wake juu ya kichwa chake. Anachinja yeye mwenyewe. Makuhani wanapokea damu na kuinyunyiza pande zote za madhabahu. Anachuna, anakata vipande, kuhani anapanga kuni na kuweka vipande juu ya moto. Katikati ya maelezo hayo kuna sentensi ambayo wasomaji wengi huipita: matumbo na miguu vioshwe kwa maji. Ni nyama inayokwenda kuwa majivu. Hakuna atakayeila, hakuna atakayeiona kesho, na bado kinyesi kinatolewa kwenye utumbo na tope linasuguliwa kwenye kwato kabla ya kupanda madhabahuni. Sijui mahali pengine katika Torati panapoeleza unyofu wa ibada kwa ukaribu namna hiyo.

Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, unakumbuka jinsi hekaluni kazi hii ilivyofanywa kwa uangalifu. Mwana-kondoo wa sadaka ya kila asubuhi alikuwa amekwisha kukaguliwa tangu jioni. Hata hivyo, kabla ya kuchinjwa alikaguliwa tena kwa mwanga wa mienge, kisha akanyweshwa maji kwa kikombe cha dhahabu. Unga wa shayiri wa mganda wa malimbuko, yaani wa mazao ya kwanza, ulipitishwa katika chekeche 13. Kuni nazo zilikuwa na chumba chake: kila kipande kilitazamwa, na kilichoonekana kina mdudu hakikupelekwa madhabahuni, ingawa kuni yenye mdudu huwaka vilevile.

Waliofanya kazi hiyo ya kuni walikuwa makuhani wenye vilema vya mwili. Walawi 21 iliwazuia kusogea madhabahuni, lakini iliwaruhusu waziwazi kula mkate wa Mungu pamoja na ndugu zao. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaochukua sheria ya wanyama wasio na ila na kuigeuza kuwa sababu ya kumficha mwimbaji mwenye ulemavu kwenye mstari wa nyuma wa kwaya. Hiyo ni dhuluma. Injili ya Mathayo inasema vipofu na viwete walimjia Yesu hekaluni, naye akawaponya humo humo. Sharti la ila lilimhusu mnyama aliyechaguliwa na mtu. Halikuwahi kuwa kipimo cha thamani ya mtu mbele za Mungu.

Turudi kwenye suala la wakati, maana ndiko uzito wote uliko. Mishna inaeleza malimbuko yalivyoanza: mtu anashuka shambani, anaona tini ya kwanza imeiva, anaifunga kwa unyasi na kusema, "Hii ni malimbuko." Fanya hivyo hivyo kwa kishada cha zabibu, fanya kwa komamanga. Hajavuna bado. Hajui kama mvua itaharibu, kama nzige watakuja, kama mavuno yatatosha nyumba yake. Tini lililofungwa unyasi lina ahadi juu yake wakati mengine yote bado ni matumaini. Anayesubiri avune, ale, auze, alipe madeni, ndipo aone kilichosalia, anaweza kutoa tini kubwa kuliko hilo na bado akawa hajatoa malimbuko.

Mwanzo 4 inasimulia habari ya Kaini na Abeli kwa maneno machache sana, na watu wamebishana miaka na miaka kwa nini sadaka moja ilikubaliwa na nyingine ikakataliwa. Waraka kwa Waebrania unaitaja imani. Mwandishi wa Mwanzo naye ametuachia tofauti ndogo ya maelezo: Kaini alileta mazao ya ardhi, basi, Abeli alileta wazao wa kwanza wa wanyama wake na sehemu zilizonona. Kwa Abeli tunaambiwa ni wapi katika kundi na ni sehemu gani ya mnyama. Kwa Kaini hatuambiwi lolote. Sidhani ni bahati.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa wana wa kuhani Eli kule Shilo. Sheria iliwapa makuhani fungu lao la nyama, hawakuwa na sababu ya kuiba. Walichofanya ni kubadili mpangilio. Mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu, akachoma ndani ya sufuria nyama ikichemka, na chochote kilichonaswa akakichukua. Kisha wakazidisha: wakadai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa. Watu wa kawaida walijaribu kuwasihi, wakasema: acheni kwanza mafuta yachomwe, halafu mchukue kadiri roho zenu zinavyotaka. Mtumishi akajibu kwamba ni sasa hivi, la sivyo atatwaa kwa nguvu. Mnyama alikuwa yule yule na walaji walikuwa wale wale, tofauti ilikuwa nani anahudumiwa kwanza. Samweli wa Kwanza inasema dhambi ya vijana hao ilikuwa kubwa sana, kwa sababu watu waliidharau sadaka ya Bwana.

Na maskini je? Hapa ndipo naona mafundisho mengi ya leo yanapotoka kwenye reli, tena kwa hasara ya watu wasioweza kujitetea. Walawi 5 ina ngazi tatu. Mwenye kundi analeta kondoo au mbuzi jike. Asiyeweza analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeweza hata hao analeta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kiasi cha lita 2 hivi, bila mafuta wala ubani. Kila ngazi inaleta ondoleo lile lile la dhambi. Hakuna mahali panaposema mwenye unga akakope anunue njiwa. Lakini angalia pia kwamba ngazi ya mwisho nayo ina kipimo chake: unga ni mwembamba, uliochekechwa. Umaskini ulimpunguzia mtu kiasi, haukumwondolea heshima ya kuleta kitu kilichoandaliwa. Yosefu na Mariamu, walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo kwa mujibu wa Walawi 12 ni ya yule ambaye mwana-kondoo anamshinda. Paulo anawaandikia Wakorintho neno hilo hilo kwa ufupi: nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Mjane wa senti mbili, aliyetia katika hazina ya hekalu vyote alivyokuwa navyo, hutumika mara nyingi kuwabana wajane wengine. Anayefanya hivyo ajaribu kuanza kusoma aya moja mapema. Katika Marko 12:40, kabla tu ya kisa chenyewe, Yesu anawalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane na kujifanya wanasali sala ndefu. Kisha anaketi kuelekea sanduku la hazina na kutazama. Alimsifu yule mama, hakumwendea kumwomba. Kiongozi anayesimama na kipaza sauti na kuwataja watu kwa kiasi walichotoa, au kuwaambia waliokopa kwamba Mungu atalipa deni, amejiweka upande wa wale waandishi, hata kama mistari anayoisoma ni sahihi.

Torati ilijua pia kwamba moyo wa mtoaji una hila, ndiyo maana ikaweka kanuni mbili zinazofanana na kufuli. Ya kwanza ni katika zaka ya wanyama. Kundi linapita chini ya fimbo, wa kumi ni wa Bwana, na ni marufuku kuchunguza kama ni mzuri au mbaya. Hapo hata uchaguzi wa bora umeondolewa, kwa kuwa pale mtu anapopewa nafasi ya kupanga foleni atapanga kwa faida yake. Ya pili: mnyama akishawekwa nadhiri habadilishwi, mbaya kwa mwema wala mwema kwa mbaya, ukijaribu, wote wawili wanakuwa watakatifu. Mwanzoni inashangaza kwamba hata kumpandisha daraja hairuhusiwi. Lakini mlango ukifunguliwa wa kubadilisha kwa kilicho bora, aliyebadilisha leo kwa bora atajipa haki ya kubadilisha kesho kwa hafifu, na atakuwa na maelezo mazuri tu.

Kuna hali ambapo kilicho bora kabisa kinaletwa na bado kinakataliwa, na uchambuzi unaoliacha jambo hili una kasoro yake. Mfalme Sauli aliwaacha hai kondoo na ng'ombe walio wazuri kutoka kwa Waamaleki, akasema ni kwa ajili ya dhabihu. Wanyama hawakuwa na ila. Tatizo ni kwamba hawakuwa wake kuwatoa. Alikuwa ameagizwa kuwaangamiza, na alitoa kwa ukarimu mkubwa kitu ambacho hakikumgharimu hata ndama wa zizi lake. Nabii Samweli akamwambia kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Daudi alifanya kinyume chake. Arauna Myebusi alipotaka kumpa bure kiwanja cha kupuria pamoja na ng'ombe na kuni, mfalme alikataa, akanunua kwa shekeli 50 za fedha, akasema hatamtolea Bwana sadaka asizozigharimia.

Nabii Amosi anaenda mbali zaidi. Wanaokemewa naye ni watu wa sikukuu, wenye nyimbo na vinanda, wenye wanyama walionona. Na katika sura ya 8 tunaona hela zilikotoka: wanaulizana Sabato itaisha lini wafungue ghala, wapunguze efa ya kupimia nafaka, waongeze uzito wa shekeli ya kupimia fedha, wauze nafaka iliyochanganyika na takataka. Mtu anayepunguza kipimo sokoni hawezi kukifidia madhabahuni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sadaka yangu ni kubwa kiasi gani, kuna maswali mawili mepesi: ni yangu kweli, na yupo mtu ninayemdai haki au anayenidai? Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale, uende mkapatane kwanza. Aliwakemea pia wale waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu, ili wasiwasaidie baba na mama.

Leo hakuna madhabahu ya wanyama, na Paulo anasema katika Warumi 12 kwamba dhabihu ni mwili wenyewe, ukiwa hai. Kipimo kimebaki. Anza na pesa, kwa kuwa ndiyo rahisi kupima. Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isikusanywe wakati atakapokuja. Ni utaratibu wa vitendo kabisa: siku mapato yanapoingia, tenga fungu la Mungu kabla ya matumizi, liweke mahali pake pa peke yake, na liandike. Wanaokwama mara nyingi wana ukarimu wa kutosha. Hukwama kwa sababu fedha zote ziko mfuko mmoja, na inapofika siku ya ibada wanatoa noti ndogo iliyokuwa juu. Mapato yasipokuwa ya uhakika, usiahidi kiasi. Ahidi sehemu, na itengwe kila kinapoingia kitu, hata kama ni kidogo cha kuchekesha.

Huduma ya kusoma neno ndiyo inayodhulumiwa kuliko zote, na naomba nikae hapa kidogo. Msomaji anaitwa jina, anapanda mimbarani akiwa bado anapekua. Anatafuta Malaki kabla ya Hosea, anarudi nyuma, waumini wanangoja. Anaanza kusoma kwa haraka kufidia muda, anajikwaa kwenye jina la mji, anakata sentensi mahali pasipo na kituo, na swali la nabii linasikika kama taarifa. Hakuna aliyetenda uovu, ila mnyama amefika madhabahuni bila kuoshwa miguu. Dawa yake haizidi dakika 20: pata andiko siku tatu kabla, lisome mara ya kwanza kimya ulielewe, mara ya pili kwa sauti, ukitia alama ya penseli mahali pa kupumua, majina magumu yatamke mara kumi hadi ulimi uyazoee, soma mara ya mwisho ukiwa umesimama, mbele ya mtu mmoja, na mwulize amesikia nini. Weka alama ya ukurasa kabla ibada haijaanza.

Kwaya nazo. Mambo ya Nyakati ya Kwanza inahesabu waimbaji 288 waliofundishwa kumwimbia Bwana, wote mastadi, na zaburi ya 33 inaagiza kupiga kwa ustadi. Ustadi huo si karama ya kipekee, mara nyingi ni mazoezi yaliyofanyika. Wimbo mpya unahitaji angalau majuma mawili au matatu ya mazoezi: kwanza maneno, kisha kila sauti peke yake, kisha pamoja bila ala, ndipo ala ziingie. Kinachoharibika karibu kila mara ni wimbo kuchaguliwa usiku wa kuamkia ibada, ala kuwekwa juu kufunika sauti zisizojua njia, na vipaza sauti kujaribiwa watu wakiwa wamekwisha kukaa. Nyimbo mbili za zamani zilizoiva ni sadaka bora kuliko nne mbichi.

Vitu vinavyoletwa kwa wahitaji vipimwe kwa mtihani wa liwali. Nguo ifuliwe, ikaushwe, vifungo vihesabiwe, zipu ifunguliwe na kufungwa. Chakula kiangaliwe tarehe. Kama ungeona haya kumpa mgeni unayemheshimu, basi maskini wa kanisani naye asipewe, kwa maana Mithali 19 inasema amhurumiaye maskini humkopesha Bwana.

Na yule kondoo kiguru? Kumbukumbu la Torati 15 haikumtupa. Mzaliwa wa kwanza akiwa na kilema asichinjwe kwa Bwana, lakini aliwe nyumbani, ndani ya malango, na walio safi na wasio safi pamoja, kama paa na kulungu. Damu tu imwagwe chini kama maji. Kuwa naye si dhambi. Wimbo usioiva uimbwe sebuleni na watoto, shati lililochanika liwe la kazi za shamba, na zile dakika za mwisho za usiku, macho yakiwa mazito, ziwe za kusema asante kwa kifupi na kulala. Asubuhi tini ya kwanza itakuwa bado mtini, na unyasi uko mkononi.